Kupima maji ya mvua mitaroni Dar es Salaam, kuanzia chupa hadi ripoti

Masika yakianza Machi, mitaro ya Dar es Salaam hubeba mafuta ya gereji, takataka za sokoni na kinyesi cha vyoo vinavyotapishwa mvua ikishika kasi. Yote huishia kwenye mito ya Msimbazi, Mlalakuwa au Kizinga, kisha baharini. Mwongozo huu ni wa afisa wa manispaa, mwanafunzi au kikundi cha mtaa kinachotaka takwimu ambazo mhandisi hawezi kuzipuuza.

1. Chagua vituo vichache

Chagua sehemu unazoweza kuzifikia mvua ikiwa inanyesha. Panapoingia mtaro mtoni, weka kituo kimoja juu yake na kingine chini yake, la sivyo hutajua uchafu umetoka wapi. Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, uliweka mitaro mingi ya jiji kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, anzia hapo. Kila kituo kipe namba ya kudumu, kama MSB-03. Latitudo ya Dar ni hasi (karibu -6.8), na ukisahau alama ya kutoa, kituo chako kitatokea Ethiopia.

Karibu na Daraja la Salenda, Msimbazi unapoingia baharini, andika pia kama maji ya bahari yanajaa au yanakupwa. Bahari ikiingia, kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvi, hupanda kuelekea mikrosimensi 50,000 kwa sentimita, na hapo hupimi tena maji ya mtaro.

2. Wahi maji ya kwanza

Maji ya mwanzo ndiyo yanayosomba uchafu uliolala barabarani siku zote za jua. Chota mtaro unapoanza kutiririka, kisha chota tena mvua ikiendelea. Andika siku ngapi zimepita bila mvua na milimita za kipimamvua kilicho karibu. Bila hayo mawili, namba ya maabara haielezeki. Usiingie ndani ya maji yanayokimbia: tumia ndoo yenye kamba, glavu na buti.

3. Pima papo hapo, kisha jaza chupa

Joto, pH (kiwango cha uchachu), oksijeni na upitishaji umeme hupimwa palepale, kwa mita iliyosahihishwa asubuhi hiyo. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa, usiisuuze, na uache nafasi ya hewa juu ili maabara waweze kuitikisa. Iweke kwenye kasha lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita. Foleni za jiji wakati wa mvua unazijua, kwa hiyo mweke bodaboda tayari kabla ya kuchota. Kila anayepokea kasha asaini karatasi ya makabidhiano.

4. Ingiza takwimu siku hiyohiyo

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mmoja huandika saa 2 akimaanisha asubuhi, mwingine huandika 08:00, na kwenye lahajedwali zinaonekana zimepishana saa sita. Kubalianeni kutumia saa 24, na tarehe ianze na mwaka: 2025-04-03. Safu wima moja iwe ya kipimo kimoja, na kizio kikae kwenye safu yake.

Maabara ikileta "<10", yaani chini ya 10, usiandike sufuri. Weka alama "<" kwenye safu yake na 10 kwenye nyingine. Sufuri inadai kwamba bakteria hawakuwepo, jambo ambalo maabara haikusema. Faili ghafi lisiguswe kamwe. Masahihisho yafanyike kwenye nakala, na sababu zake ziandikwe.

5. Kagua kabla ya kuamini

Katika kila sampuli kumi, moja ichotwe mara mbili, na chupa moja ijazwe maji safi ya maabara mtaroni hapohapo. Hiyo ya maji safi ikitoa bakteria, tatizo liko mikononi au kwenye chupa zenu. Namba kubwa mno usiifute kwa kuwa inashangaza. Rudi kwenye picha na daftari la siku ile. Mara nyingi utakuta kuna choo kilichofunguliwa hatua chache juu ya kituo.

6. Linganisha, kisha peleka

Mvua ilinganishwe na mvua, kiangazi na kiangazi. Kwa bakteria tumia wastani wa kijiometri (zidisha namba zote, kisha tafuta mzizi kulingana na idadi yake), kwa sababu mafuriko ya siku moja hupotosha wastani wa kawaida. Ripoti ipelekwe manispaa, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ikiwa na ramani, grafu na faili ghafi, ili yeyote atakayetilia shaka arudie hesabu mwenyewe.