Umetapeliwa kwenye soko la mtandaoni? Jinsi ya kuomba taarifa za muuzaji zihifadhiwe

Giza la mwezi likikaribia, mvuvi wa Ukerewe anayehitaji taa za sola za kuvulia dagaa hana muda wa kusubiri, na muuzaji tapeli analijua hilo. Anamharakisha alipe, kisha anazima simu. Mvuvi akiliandikia soko, anajibiwa kuwa sera ya faragha hairuhusu kumpa mteja jina wala namba ya muuzaji. Wengi huishia hapo, na tapeli anabaki salama kabisa. Lakini sera hizo kwa kawaida huwa na kifungu kinachoruhusu taarifa kutolewa kwa vyombo vya sheria. Njia yako inapita kwenye kifungu hicho.

Pesa kwanza. Piga 100 kwa mtandao uliotumia kutuma, taja namba ya muamala na omba pesa izuiwe. Ikishatolewa kwa wakala, kuizuia haiwezekani tena.

Kusanya ushahidi kabla ya kuripoti akaunti. Ukiripoti mapema, tangazo linaweza kuondolewa na usilione tena. Piga picha za skrini za tangazo, mazungumzo yote yakiwa na tarehe, na ujumbe wa muamala unaoonyesha jina la mwenye laini. Nakili linki ya ukurasa wa muuzaji, kwa sababu jina linaloonekana hubadilishwa kwa sekunde chache. Kama alikutumia picha ya kitambulisho cha NIDA, itunze kwa ajili ya polisi. Usiisambaze kwenye makundi: mara nyingi ni kitambulisho cha mtu mwingine aliyeibiwa.

Fungua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, iwe Kirumba jijini Mwanza au Nansio kisiwani Ukerewe, ukiwa na simu yenyewe pamoja na nakala za karatasi. Eleza kuwa ni kosa la mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi mamlaka ya kuamuru data itunzwe na itolewe.

Andikia soko siku hiyohiyo. Tumia anwani ya barua pepe iliyotajwa ndani ya sera ya faragha. Ujumbe wa huduma kwa wateja huishia kwenye majibu ya mashine. Maneno haya yanatosha:

"Naomba mhifadhi taarifa za akaunti hii [linki], kuanzia tarehe ... hadi ...: taarifa za usajili, namba za simu, anwani za IP, ujumbe na kumbukumbu za malipo, hata akaunti ikifutwa, hadi polisi watakapoziomba. Namba ya RB ni ... Pia naomba nakala ya taarifa zangu binafsi mlizonazo, yakiwemo mazungumzo yangu."

Ombi la kwanza lina haraka kwa sababu soko hufuta data baada ya muda liliojipangia. Utafute kwenye kifungu cha utunzaji wa taarifa. La pili ni haki yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Soko linalofanya kazi Tanzania likikataa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya ombi utakayopewa na soko mpelekee mpelelezi, aitaje kwenye barua yake.

Ombi hukwama zaidi pale mazungumzo yalipohamia WhatsApp na malipo yakafanyika nje ya soko. Hapo soko halina cha kuhifadhi zaidi ya usajili, na ndiyo sababu matapeli husisitiza sana "njoo inbox". Soma pia sera inasema inakusanya nini kwa muuzaji. Kama ni barua pepe na namba ya simu tu, alama ya "amethibitishwa" haimaanishi kuna mtu aliyekiona kitambulisho chake. Katika hali hiyo jina la mwenye laini ndilo polisi wataanza nalo.

Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Na akijitokeza mtu anayedai atakurudishia pesa ukimlipa "ada ya kufuatilia", usimtumie hata senti. Naye mpeleke kwenye RB ileile.