Kugawa jezi za watoto bila ugomvi wa namba 10

Nikifungua mfuko wa jezi pale uwanjani Pasua, sauti ni moja: "Mwalimu, mimi kumi! Mwalimu, naomba kumi!" Siku hizi kumi naitoa mwisho kabisa, na kabla ya hapo nawakalisha chini.

Anza na swali analoulizwa kila mchezaji mgeni hapa Moshi: "Unacheza namba ngapi?" Haulizwi jezi, anaulizwa kazi. Chora uwanja mavumbini kwa kijiti, kila namba iwe jiwe. Usiyapange tulivyozoea. Yapange kama Waingereza walivyocheza Agosti 1928, Arsenal na Chelsea walipocheza mechi za ligi wakiwa na namba mgongoni: kipa 1, mabeki wawili tu, 2 na 3, mbele yao 4, 5 na 6, kisha washambuliaji watano, 7 mpaka 11, kulia kwenda kushoto.

Sasa mwite mtoto mmoja alisogeze jiwe la 5 nyuma, katikati ya 2 na 3. Hao wawili wanasukumwa pembeni. Kwetu 4 akamfuata 5, na 6 akabaki kiungo mkabaji, mbele ya mabeki. Kule Argentina, namba 5 hakurudi nyuma, mpaka leo ndiye mkabaji wao. Hapa usiharakishe. Mtoto aliyesogeza jiwe kwa mkono wake hasahau kwa nini beki mbili anakaa pembeni.

Ndipo uwaambie habari za kumi. Kombe la Dunia la 1958, namba za Brazil hazikufuata nafasi: kipa Gilmar alivaa 3, na kijana wa miaka 17, Pelé, akaangukiwa na 10. Jezi haikumchagua, yeye ndiye aliyeipa heshima. Na Argentina ya 1982 iligawa kwa alfabeti, kiungo Ardiles akavaa 1, ila Maradona akaachiwa 10 yake. Wa benchi ninayemtegemea nampa 14, namwambia Cruyff, nyota wa Uholanzi, aliivaa Kombe la Dunia la 1974.

Kabla ya mechi, kagua jezi moja moja. Mimi niliwahi kuletewa 8 mbili, 6 hakuna, nikagundua asubuhi ya mechi. Kama namba imebandikwa kwa pasi na ina kona za mraba, ingiza gazeti ndani ya jezi, tandaza kitambaa juu ya namba, pitisha pasi ya uvuguvugu, kisha bandua kipande cha juu kulia kwa ncha ya wembe, taratibu usichane. 8 inakuwa 6. Jezi ile tunaivaa bado.

Andika kila jina na namba yake daftarini, na jezi zirudi siku ileile.

Na kumi? Mazoezini naangalia nani anainua kichwa kutazama wenzake kabla mpira haujamfikia. Mwaka huu ni binti mdogo kuliko wote, jezi inamfika magotini, anaichomeka mara mbili.