Mitini ya Aina Nyingi Kwenye Uwanja Mdogo

Kabla hujanunua kijiti chochote cha mtini, uliza kwanza kama aina hiyo huzaa bila nyigu. Hapo ndipo wakusanyaji wengi wapya hupotezea hela.

Mitini ya kundi la kawaida huivisha matunda bila kuchavushwa. Ya kundi la Smyrna humtegemea nyigu mdogo sana, Blastophaga psenes, anayeingia kwenye kitundu cha kitako cha tini akiwa na chavua kutoka mtini dume. Asipoingia, tini hunyauka na kudondoka zikiwa bado ndogo. Huko California, mitini iliyoagizwa kutoka Smyrna (Izmir ya leo, Uturuki) miaka ya 1880 ilikuwa ikipukutisha matunda mwaka hadi mwaka, mpaka nyigu hao walipopelekwa Fresno na kustawi mwaka 1899. Nyigu wa mikuyu yetu hawasaidii kitu. Kila mmoja na mti wake. Kundi la San Pedro, kama Desert King, lina mazao mawili: la kwanza huiva bila nyigu, la pili haliivi. Na kwa kuwa hilo la kwanza hutoka kwenye matawi ya zamani, ukipogoa umelikata lote.

Kwa hiyo anza na aina za kundi la kawaida: Brown Turkey, Black Mission, Kadota, Celeste na Violette de Bordeaux. Kwenye unyevu wa Pwani, Celeste ina faida ya ziada: kitundu chake kimejifunga, hivyo maji ya mvua na wadudu hawaingii kirahisi kuichachisha tini ikiwa bado mtini.

Majina nayo yana mitego yake. Kadota ndiyo Dottato ya Italia, Calimyrna ndiyo Sari Lop ya Uturuki, na Violette de Bordeaux huuzwa pia kama Negronne. Usipoangalia utanunua mti mmoja mara mbili. Kinyume chake, Brown Turkey ya California na ile ya Uingereza ni miti miwili tofauti. Andika jina kama ulivyolipokea, na ulikoupata mti, hata ukilitilia shaka. Kalamu ya wino hufutika juani ndani ya miezi michache. Kata ukanda wa kopo la soda, uweke juu ya gazeti lililokunjwa, andika kwa kalamu ya bairo ukikandamiza hadi maandishi yazame, kisha ufunge kwa waya uliolegea. Waya uliobana hulinyonga tawi linaponenepa.

Ukiagiza vijiti kutoka nje ya nchi, pata kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Si urasimu mtupu. Virusi vya batobato ya mtini husafiri ndani ya vijiti, na havina dawa.

Kuotesha vijiti

Chukua tawi lililokomaa, unene wa penseli hadi kidole gumba, urefu wa sentimita 15 hadi 20, lenye macho matatu au manne. Kata chini kidogo ya jicho la mwisho, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Acha utomvu ukauke kivulini usiku mmoja. Vaa mikono mirefu: utomvu huo ukikaa kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua, unababua.

Jaza kiriba cha lita moja kwa vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mto. Ufinyange mchanganyiko huo mkononi kabla ya kujaza: ushikane, lakini usitoe hata tone la maji. Zika kijiti hadi libaki jicho moja juu, funika kwa mfuko wa nailoni angavu, weka kivulini penye joto.

Sasa ndipo uvumilivu unapohitajika. Majani yanaweza kutoka baada ya wiki mbili huku chini hakuna mzizi hata mmoja. Kijiti kinatumia akiba yake mwenyewe. Ukifurahi ukamwaga maji, kinaoza. Ukikivuta kukikagua, unakata mizizi iliyoanza. Mbolea usiiguse. Mizizi ya kutosha huchukua wiki tano hadi nane, kisha toboa nailoni kidogo kidogo kwa siku kumi kabla ya kuiondoa kabisa. Ukiitoa ghafla, majani hunyauka mchana mmoja.

Otesha miche miwili ya kila aina. Mmoja ukifa, mkusanyiko haujapungua.

Ndoo, si ardhi

Adui mkubwa wa mtini kwenye udongo wetu wa kichanga ni minyoo fundo: mizizi huota vinundu, mti ukadumaa huku unanyweshewa na kurutubishwa. Ndoo ya lita 20 huukwepesha. Toboa matundu manane ubavuni karibu na kitako, na uiweke juu ya matofali, la sivyo mizizi hupenya hadi ardhini na kazi yote inakuwa bure. Udongo uanike kwanza ukiwa na unyevu, chini ya nailoni angavu, wiki nne hadi sita za jua kali. Changanya sehemu mbili za udongo huo, mbili za mboji iliyoiva, moja ya mchanga mnene. Ndoo kumi na mbili zinatosha kwenye eneo la mita 4 kwa 3.

Samadi nyingi huleta majani mapana na tini chache. Kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya NPK 17:17:17 kwa mwezi kinatosha wakati mti unakua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu utoe mti, kata robo ya mizizi ya pembeni, uurudishe na udongo mpya.

Kupogoa kwa hesabu

Zao kuu hutoka kwenye matawi mapya, na kwetu hakuna baridi ya kuulaza mti. Mkasi ndio unaoamua msimu. Chipukizi huhitaji kama mwezi mmoja na nusu kuonyesha tini, kisha takriban miezi mitatu kuivisha. Pwani, ukipogoa katikati ya Septemba, vuli inakuza matawi na kiangazi cha Januari hadi Machi kinaivisha. Tini zikiiva kwenye mvua hupasuka na kuchacha.

Vuli hiyohiyo huleta kutu ya majani: madoa ya rangi ya kahawia, kisha majani yote yanaanguka. Okota yaliyoanguka uyachome, mwagilia shinani tu, na usibananishe ndoo.

Tini haiivi ikishachumwa. Subiri shingo ilegee, tunda lining'inie na ngozi ianze kuchanika. Kikonyo kikitoa maziwa, umewahi. Popo na ndege hawasubiri, kwa hiyo kila tini inayoanza kubadilika rangi ivishe kifuko cha chandarua kuukuu.