Kabla Hujanunua Mfumo, Mkalishe Mshauri Nyuma ya Kaunta

Kazi yangu ni ushauri wa TEHAMA hapa Mwanza, na wateja wangu wengi ni wenye maduka ya jumla, maduka ya dawa na vyama vidogo vya akiba na mikopo. Simu ninazopokea hufanana: "Kaka, nataka mfumo wa mauzo. Bei gani?" Najibu kwamba siwezi kutaja bei kabla sijaliona duka. Wapo wanaokata simu na kumtafuta atakayewatajia bei hapo hapo. Inaniuma, maana wengi wao huwa naonana nao baadaye, fedha zimekwenda, kompyuta imefunikwa kitambaa na mauzo yamerudi kwenye kaunta buku. Namwandikia yule ambaye bado hajalipa.

Anza mwenyewe kabla hujamwita mtu. Chukua karatasi uandike kinachokukosesha usingizi, kwa maneno yako ya kila siku. Usiandike "nahitaji programu". Andika "simenti inapungua kila mwezi na hakuna anayejua inakwenda wapi", au "mafundi wanachukua mzigo kwa mkopo na sijui nani amelipa kiasi gani". Mambo matatu yanatosha. Karatasi hiyo mpe mshauri siku ya kwanza, nawe baki na nakala.

Kisha mlipe aje aangalie tu. Siku mbili, moja wapo iwe siku ya wateja wengi, na makubaliano yawe kwamba hakuna atakachokuuzia siku hizo. Hapa wengi huona uchungu kutoa hela, wanaona ni kumlipa mtu akae. Ngoja nieleze Jumamosi moja.

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniita kwa sababu misumari ilikuwa haikai kwenye hesabu, na ndivyo alivyoandika kwenye karatasi yake. Alikuwa na programu aliyouziwa na mtu mwingine, na alitaka kubwa zaidi, yenye kamera juu. Nikamwambia, "Mzee, naomba kiti nyuma ya kaunta toka mnafungua mpaka mnafunga." Dada wa kaunta alikuwa mwepesi kweli. Fundi akija kuchukua nondo za milimita 12 na kilo tatu za misumari ya inchi nne, dada anaandika kwenye kaunta buku, anatoa risiti kwenye mashine ya EFD, halafu anafungua daftari la mikopo na kuandika tena. Mauzo mamoja, mikono mitatu. Programu ilikuwa inajazwa usiku, kutoka kwenye daftari, mtu akiwa amechoka.

Karibu na saa sita nikaona jambo lenyewe. Misumari ilinunuliwa kwa boksi la kilo 25, ikauzwa kwa kilo. Ndani ya programu ilisajiliwa kwa boksi peke yake. Kwa hiyo kilo zilizouzwa hazikupunguza chochote mpaka dada akumbuke kuandika kwamba boksi limekwisha, na siku za wateja wengi hakumbuki. Juu ya hapo, kila akipima, akishaona mshale umefika, alitupia misumari mitatu minne ya shukrani kwa mteja wa siku zote. Boksi la kilo 25 lilikuwa linaishia kwenye ishirini na tatu na kitu. Wakati huo Mzee alikuwa ameshamtoa mpwa wake stoo, akiamini kijana anaiba.

Dawa haikuwa kamera wala programu mpya. Programu ile ile ilikuwa na sehemu ya kuweka vipimo viwili, unanunua kwa boksi, unauza kwa kilo. Hakuna aliyekuwa ameifungua. Tukaijaza, tukahamisha kompyuta kutoka chumba cha ndani mpaka kaunta, na Mzee akapanga mwenyewe nyongeza ya mteja iwe kiasi gani. Sasa jiulize mtu aliyetaja bei kwa simu angeyaonaje haya.

Wakati unamchagua mshauri, muulize waziwazi: kuna kampuni inayokupa kamisheni ukiniuzia vifaa vyake? Si dhambi kupewa, ila ni lazima ujue. Muulize pia ni mteja gani ambaye yeye mwenyewe amewahi kumshauri asinunue kitu, na kwa nini. Halafu omba duka linalotumia kazi yake kwa zaidi ya mwaka, uende peke yako. Usiongee na tajiri tu, ongea na anayebonyeza.

Programu ikiletwa kwa majaribio, ijaribu kwa hali ya kwetu. Chomoa ruta ukutani, mwambie auze mfuko mmoja wa simenti. Akikwambia haiwezekani bila intaneti, mkumbushe tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikayumba nchi nzima. Duka halifungwi kwa sababu ya waya wa baharini. Programu nzuri huhifadhi mauzo kwenye kompyuta yako na kuyatuma mtandao ukirudi. Baada ya hapo zima umeme kwenye swichi kubwa, angalia saa, uone UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, inashika dakika ngapi na kama mauzo ya mwisho yamebaki. Umeme ukirudi kwa kishindo ndipo vifaa huungua, kwa hiyo kifaa cha kudhibiti umeme ni cha kununua mapema, hata kama printa itasubiri.

Funguo, yaani nywila za mfumo, ndiyo sehemu ninayobishania zaidi na wenzangu wa kazi hii. Nimewahi kuitwa kwenye duka la dawa ambalo mtengenezaji wa mfumo alihamia mji mwingine, hapokei simu, na nywila kuu anayo yeye. Mama mwenye duka alikuwa na miaka mitatu ya hesabu zake mwenyewe ndani ya mashine na hawezi kuzitoa. Tulikaa wiki nzima tukiandika dawa upya, kopo kwa kopo, na tarehe zake za kuisha muda. Mama yule alilia mbele ya wafanyakazi wake, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kuendelea kuandika.

Kwa hiyo mkataba useme hivi. Jina la tovuti linaloishia na .co.tz lisajiliwe kwa jina la biashara yako na barua pepe yako. Nywila ya msimamizi mkuu uwe nayo kwenye bahasha iliyofungwa, nyumbani. Data zako uweze kuzitoa zote wakati wowote, katika jedwali la kawaida. Na nakala za akiba ziwe mbili nje ya kompyuta ya duka, moja ikiwa mbali na jengo. Nakala usiiamini kwa maneno. Mwambie mshauri alete kompyuta nyingine, arudishe humo mauzo ya Jumanne iliyopita, wewe ukiwa umesimama hapo na daftari.

Kama unaandika majina, namba za simu au magonjwa ya wateja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Muulize mshauri kuhusu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Asipoijua, huyo bado hajakomaa.

Malipo yagawe. Theluthi ya kuanza, theluthi mfumo ukifanya kazi kaunta, na theluthi ya mwisho baada ya kufunga mwezi mmoja kamili. Katika mwezi huo daftari liendelee sambamba, na kila jioni jumla ya programu ilinganishwe na Z ripoti ya EFD, yaani jumla ya risiti za siku, na salio la lipa namba, na fedha za droo. Zikipishana, mshauri arudi, bila malipo ya ziada. Mafunzo yafanyike kwa mauzo ya kweli, dada wa kaunta akiwa ndiye anayebonyeza na mshauri mikono nyuma.

Kwenye duka la Mzee hesabu ziligoma siku nne za mwanzo, ya tano zikakaa. Mwezi ulipofungwa tulitoa ile karatasi yake, tukasoma mstari wa misumari. Mzee akakata mstari kwa kalamu, akachukua simu, akampigia mpwa wake arudi stoo.