Unaamka kukojoa kila mara? Anza na miguu
Wazee wenzangu wa Mwanza, hili hatulisemi kijiweni: kuamka kukojoa mara tatu nne usiku. Kwa sisi tuliojenga mlimani kwenye mawe, choo kiko nje, kila safari ni tochi, kandambili na kuomba usiteleze. Asubuhi unasinzia kwenye daladala, na mama watoto naye hajalala.

Wengi hukimbilia kusema tezi dume. Inaweza kuwa hiyo, lakini jioni hebu tazama vifundo vya miguu. Ukishinda umesimama, tuseme unapakia dagaa pale Mwaloni Kirumba, maji hushuka yakatuama miguuni; bonyeza kwa kidole uone kama panabaki shimo. Ukilala yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, kibofu kinajaa. Basi jioni mapema jinyooshe kwa muda wa saa moja hivi, miguu juu ya mito, uyakojoe kabla ya kulala. (Mimi watoto walinicheka sana.) Miguu ikivimba kila siku, moyo na figo vipimwe.

Chai na bia, acha masaa matatu kabla ya kulala. Vidonge vya presha vya kukojosha, muulize daktari muda wa kuvinywa, usijipangie.

Siku tatu andika umekunywa nini, umekojoa mara ngapi, kiasi gani; kopo lenye vipimo linatosha. Nenda na karatasi hiyo hospitali, upime na sukari. Ukiona damu kwenye mkojo usingoje hizo siku tatu, huku Kanda ya Ziwa kichocho kipo.