Sili Haina Kosa: Kutengeneza Kifundo cha Mbele cha Land Cruiser ya Zamani na Kupandisha Kipumulio

Gari langu ni Land Cruiser HJ47 ya mwaka 1982, pikapu yenye injini ya 2H, dizeli ya silinda 6. Linalala chini ya mwembe nyuma ya nyumba, hapa Mbale. Miaka miwili ya kwanza nililibadilishia sili za ekseli ya mbele mara nne. Nikirudi Bududa wakati wa mvua, au nikitoka Karamoja kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ugali, gurudumu la kushoto linaanza kutapika uji wa grisi na oili. Mzee jirani yangu, mnunuzi wa kahawa, akageuza jambo hilo kuwa salamu: "Fundi, sili tena?"

Mara ya tano niliacha kuilaumu sili. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo kinachozuia oili isitoke kwenye ekseli, na kwa kawaida kinauawa na mambo matatu: difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) isiyopumua, beringi za kingpini (zile ambazo gurudumu hugeukia likikata kona) zilizolegea, na shimu (vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi) zilizorudishwa mahali pasipo pake. Ukibadilisha sili ukayaacha hayo matatu, umenunua miezi michache tu. Kazi ninayoieleza, ya kufungua kifundo (kile kiungo nyuma ya gurudumu la mbele kinachogeuka na usukani), inafaa Land Cruiser za mfululizo wa 40 na 60, na 70 za zamani zenye springi za majani mbele. Tenga siku nzima kwa kila upande. Na kwa kuwa sheria ya mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari yaliyofikisha miaka 15 kuingizwa Uganda, haya tuliyonayo ndiyo hayo hayo, tuyatunze.

Kwanza soma ugonjwa

Futa lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu, endesha siku mbili, kisha angalia. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe ni kawaida, usihangaike. Uji mweusi unaochuruzika maana yake oili ya difu imepita sili ya ndani ikayeyusha grisi. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Pandisha gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni za kingpini. Kipimo hiki kimeniokolea pesa nyingi kuliko chochote kilichomo kwenye sanduku langu la spana.

Vya kukusanya

Seti ya sili na gasketi za kifundo, beringi za kingpini (mbili kila upande), grisi ya molibdeni kwa ajili ya jointi, grisi ya lithiamu kwa beringi za gurudumu, na oili ya difu ya 80W-90 GL-5. Ukikosa Mbale, mtumie mtu Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Mpe ile sili ya zamani mkononi, maana picha ya simu haionyeshi milimita.

Kifaa kimoja hakina mbadala: spana ya boksi ya milimita 54 kwa nati za habu (kitovu cha gurudumu). Najua wengi huzizungusha kwa patasi na nyundo. Hata zangu nilizikuta zimejaa makovu ya patasi. Beringi haiwezi kupimwa ukazo kwa patasi, na vumbi la chuma linaloanguka humo ndani linakuja kusaga beringi mpya. Ukikosa boksi, mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakuchongea moja kutoka kwenye bomba nene.

Kufungua

Weka magogo kwenye magurudumu ya nyuma, pandisha, kisha stendi mbili imara chini ya ekseli. Jeki peke yake si stendi, na tofali si stendi. Kama una breki za diski, ning'iniza kaliperi kwa waya, isibebwe na mpira wake wa breki. Kama ni drumu, lowesha vumbi kwa maji kabla ya kufuta, usilipulize. Vitambaa vya breki vya miaka hiyo vingi vilikuwa na asbesto.

Fungua kifuniko cha frihabu (kifaa kwenye habu cha kuunganisha au kuachanisha gurudumu na shafti), toa saklipi kwenye ncha ya shafti, kisha zile nati sita za habu. Chini ya kila nati kuna washa yenye umbo la pia, na hapa ndipo watu huvunja stadi. Usiivute kwa koleo. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya stadi, halafu gonga mwili wa habu pembeni kwa kipande cha shaba. Washa zitaruka zenyewe.

Nyoosha washa ya kufungia, toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, kisha vuta habu na beringi zake. Bolti nane zinashika spindeli, ule mhimili ambao habu huzungukia. Zitoe, gonga spindeli taratibu, halafu vuta shafti pamoja na jointi yake ya Birfield, ile inayoruhusu shafti kupinda gurudumu likigeuka. Weka bakuli chini, kwani uji wote utamwagika hapo. Mke wangu alitangaza vita siku nilipotumia karai la kufulia.

Sasa kofia ya juu na ya chini za kifundo, nazo zina washa za pia. Chini ya kila kofia kuna vibati vyembamba, shimu. Vya juu vifunge kwa waya na uviandike "juu", vya chini "chini", kushoto na kulia mbali mbali. Nasisitiza kwa sababu nililipia somo hili mwenyewe. Mara ya tatu ile nilizichanganya zote kwenye kopo moja, nikazirudisha kwa kukisia. Shimu hazikazi beringi tu, zinainua au kushusha kifundo kizima. Vibati vikihama juu kwenda chini, shafti inaacha kupita katikati ya sili, mdomo wa upande mmoja unabanwa na wa pili unaachia. Sili ile haikumaliza miezi miwili.

Kusafisha na kukagua

Osha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ng'oa vikombe vya zamani vya beringi za kingpini. Ukiona mistari ya vijishimo vilivyopangana, ndiyo sababu usukani ulikuwa unanata katikati. Tufe la nje lipigwe msasa laini mpaka kidole kisikwaruzwe, la sivyo kutu itaikata ile ringi ya sufi na mpira inayolifuta.

Chunguza pia shafti pale sili inapokaa. Mara nyingi sili ya zamani imechimba mfereji mwembamba kuzunguka chuma. Ukiusikia kwa ukucha, igonge sili mpya ikae ndani au nje kidogo ya pale ilipokaa ya kwanza, mdomo wake upate chuma kizima.

Kurudisha

Gonga sili ya ndani kwa bomba au boksi inayolingana nayo, iingie sawa pande zote. Kabla ya kufunga ile ringi ya kufuta tufe nyuma ya kifundo, lowesha sufi yake kwa oili.

Funga kifundo na beringi mpya na shimu zilezile, bila shafti na bila ile ringi ya kufuta tufe, kisha pima uzito wa kukizungusha. Hapa nilikwenda kuazima mizani ya ndoano kwa mzee jirani. Funga kamba kwenye tundu la mkono wa usukani, vuta kwa mizani, soma kilo pale kinapoanza kusogea. Namba ya gari lako iko kwenye kitabu chake cha warsha. Kikiwa kizito mno ongeza shimu, kikiwa chepesi punguza, na unapopunguza au kuongeza, gawa sawa juu na chini. Mzee alisimama akitazama mpaka mwisho, akasema, "Kumbe na gari linapimwa kama kahawa."

Sukuma grisi ya molibdeni ndani ya jointi mpaka ya zamani itoke yote. Unapoingiza shafti, ibebe kwa mikono miwili. Ukiiachia ilalie sili mpya kwa uzito wake, umeikata kabla hujawasha gari. Jaza kifundo kwa grisi robo tatu, si zaidi, kisha funga spindeli.

Beringi za gurudumu zishindiliwe grisi kwa kiganja. Kaza nati ya ndani kama Nm 60 huku unazungusha habu mbele na nyuma, ilegeze, halafu kaza kidogo tena mpaka mchezo uishe na habu bado inazunguka bila kugugumia. Washa ya kufungia, nati ya nje, kunja mdomo wa washa. Ndani ya frihabu paka utando tu. Ukiijaza grisi haitajifunga.

Dawa yenyewe: kipumulio

Juu ya bomba la ekseli kuna kifuniko kidogo, ndicho kipumulio, ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Ukiendesha, difu inapata joto na hewa yake inatanuka. Ukiingia Mto Manafwa, chuma kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, na difu inavuta. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, njia iliyobaki ni midomo ya sili. Kikiwa wazi lakini chini pale pale, kinakunywa maji moja kwa moja. Changu kilikuwa kimegeuka udongo mtupu.

Kitoe, peleka dukani utafute nipeli yenye nyuzi hizo hizo na ncha ya kuingizia mpira. Tumia mpira wa mafuta wenye tundu la milimita 8, usiwe ule wa maji unaong'aa, huo unalainika ukipata oili. Upitishe kando ya chesisi mpaka ukuta wa injini karibu na kisafisha hewa, mbali na ekzosi. Kabla ya kukata, pandisha chesisi ili ekseli ining'inie kabisa, uache mpira wa kutosha pale chini. Mwishoni chomeka filta ndogo ya petroli ya bodaboda, ielekezwe chini. Itazuia vumbi, na bei yake ni kama soda mbili.

Jaza difu mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Endesha kilomita 500, pandisha gurudumu, shika tena juu na chini. Baada ya mto wa kwanza mkubwa, legeza kidogo nati ya kutolea oili na acha matone machache kwenye kopo la kioo, kwani maji hutangulia chini. Yakitoka safi, funga.