Namna ya Kumlea Kijana Anayejifunza Programu Peke Yake

Mtu akikufuata na kukuomba umwongoze katika kazi ya kuandika programu, usianze kwa kumwuliza anataka kujifunza lugha gani. Muulize kwanza ana kifaa gani, anapata saa ngapi kwa wiki, na bando analonunua humaliza siku ngapi. Kijana anayeuza vipuri Kariakoo na kufika kwake Mbagala saa tatu usiku hawezi kufuata ratiba ya mwanafunzi wa chuo. Ukimpangia muda wa saa nne kila siku atakata tamaa kabla ya mwezi kwisha, tena akiamini kwamba kasoro iko katika akili yake. Muda wa saa moja wakati wa alfajiri, siku tano kwa wiki, unatosha, mradi usikatike. Kompyuta mpakato iliyokwishatumika inafaa, na lugha ya programu kama Python ikishasakinishwa haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Hata maelezo yake rasmi yanaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa wakati bando limekwisha.

Kuhusu lugha, mchagulieni moja, Python au JavaScript, na abaki nayo kwa miezi sita. Atakaposikia mtaani kwamba kuna nyingine inayolipa zaidi, mtulize.

Kazi yako kubwa ni kumfundisha kusoma kosa, na jambo hili linadai subira kuliko yote. Jumamosi moja kijana niliyekuwa nikimlea alinionyesha programu yake ya kujumlisha mauzo: aliingiza 2000, akaingiza 500, na jibu likatoka 2000500. "Dada, kompyuta imekosea hesabu," alisema. Mikono yangu niliiweka mapajani, nikamwuliza tu: "Unapoandika 2000 pale, kompyuta inapokea kitu gani?" Zilipita kama dakika ishirini za kujaribu na kufuta, hadi alipoiagiza programu imwonyeshe aina ya kile ilichopokea, akaona kwamba ni maandishi. Katika Python, kila kinachoingizwa kwa amri ya input hupokelewa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili huyaunganisha. Aligeuza maandishi kuwa namba, akapata 2500. Ningeweza kumwambia hayo kwa sentensi moja. Lakini kabla yake nilikuwa nimemlea mwingine kwa kumshikia kibodi kila alipokwama, na baada ya miezi minne hakuweza kuandika mistari kumi bila kunipigia simu. Naamini kosa hilo lilikuwa langu.

Kwa hiyo usiguse kibodi yake. Programu ya Python inapovunjika, mwelekeze aanze na mstari wa mwisho wa ujumbe, kwa sababu ndio unaotaja aina ya kosa, kisha apande juu kutafuta jina la faili na namba ya mstari. Ujumbe wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, na wengi huogopa Kiingereza kabla ya kuogopa programu. Mwambie aufafanue kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla hajabadilisha herufi yoyote, na awe na daftari la maneno anayokutana nayo mara kwa mara.

Akishaweza vitanzi (kurudiarudia amri), masharti (kuchagua la kufanya kulingana na hali) na fanksheni (kifurushi cha amri chenye jina), mtafutie mtu halisi mwenye shida halisi: mama mwenye duka la jumla anayeandika madeni kwenye daftari, au katibu wa kikoba anayehesabu hisa kwa kikokotoo. Huko atajifunza ambayo hakuna somo linalomfundisha, kwa mfano kwamba mteja hulipa deni nusunusu na kwamba umeme hukatika katikati ya kuhifadhi. Wakubaliane malipo, hata yakiwa madogo, na muda wa kumaliza. Msimbo, yaani maandishi ya programu, ahifadhi kwa Git, zana inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, tangu siku ya kwanza, lakini majina na namba za simu za wateja zisiwekwe kamwe mahali pa wazi mtandaoni, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inawahusu hata wateja hao.

Katika kutafuta ajira, mweleze ukweli mapema: matangazo mengi hudai shahada, na kwa asiye nayo njia huwa ni kujitolea kwa muda mfupi unaojulikana mwisho wake, kazi ndogondogo za mkataba, na watu waliokwisha kuiona kazi yake. Mpeleke kwenye mikutano ya watayarishaji programu, umtambulishe kwa jina na kwa alichokitengeneza. Kabla ya usaili wa kwanza, kaeni mezani, afungue programu ya madeni ya yule mama, nawe uchague mstari wowote na kumwuliza kwa nini aliuandika hivyo. Akijibu "niliukuta mtandaoni", usaili usubiri wiki moja, mkaupitie mstari huo pamoja.